Hema la juu ya gari kwa familia ya watu watano

Dada mmoja wa Mwanza ameniandikia, nami nafupisha. Wao ni watano: yeye, mumewe, watoto wawili wa miaka 9 na 4, na mama mkwe wa miaka 63 ambaye goti moja linamsumbua. Gari lao ni RAV4 ya mwaka 2008. Desemba wanataka kuingia Serengeti kwa geti la Ndabaka, walale Seronera siku tatu, wapande Ngorongoro usiku mmoja, kisha wateremkie Karatu kwa ndugu. Mume ameona mahali hema la juu ya gari, lile la kukunjua lenye ngazi, na ameshaanza kuulizia bei. Dada anauliza: "Ni kweli hilo ndilo salama zaidi, au tununue mahema ya kawaida? Na kwa nini tusilale tu ndani ya gari?"

Dada, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama mkwe, maana jibu langu linaanzia kwenye goti lake.

Ngazi ya hema la juu ina urefu wa kama mita mbili. Ikiwa sokoni mchana unaiona ni ngazi tu. Saa 9 usiku, ukingoni mwa Ngorongoro, ni kitu kingine. Vipago vyake ni vyembamba, vina umande, na mguu ulio peku unaumia. Unateremka kinyumenyume huku umeshika tochi kwa meno, zipu ya mlango imekung'ang'ania sweta, na hujui ardhini pana nini. Niliwahi kumpeleka mzee mmoja na mkewe kambi ya Simba, hukohuko Ngorongoro, wakalala juu ya gari. Mzee alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chai ya jioni. Alishuka mara tatu. Mara ya tatu hakupanda tena, alikaa kiti cha mbele cha gari na blanketi hadi kukapambazuka, na asubuhi akaniambia hema ni zuri sana ila ni la vijana.

Kwenye hema la chini, mtu mzima huingiza ndoo yenye mfuniko pembeni ya kitanda chake, biashara imekwisha. Kule juu hakuna anayetaka kulala na ndoo. Na mtoto wa miaka 4 naye ana habari zake usiku, hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa niseme wazi kabla shemeji hajanuna: mimi mahema haya nayafunga kwa riziki. Nimeendesha wageni wa kambi miaka mingi, na siku hizi nina karakana Arusha ambako tunafunga keria na mahema ya juu kwenye Prado, Land Cruiser na RAV4 za watu wanaokodisha magari kwa wageni wanaojiendesha. Kwa hiyo sina chuki nayo. Ila kwa familia yenu na safari hiyo, siwauzii.

Tupige hesabu ya paa, kwa sababu wengi huipuuza. Kila gari lina kiasi cha uzito ambacho paa lake linaruhusiwa kubeba likiwa linatembea. Kwa magari ya ukubwa wa RAV4, kiasi hicho kwa kawaida ni kati ya kilo 75 na 100, na kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitafute cha gari lako hasa, usichukue cha jirani. Kiasi hicho kinajumuisha na keria yenyewe. Keria ya chuma inayochomelewa mtaani haikosi kilo 25, hema dogo la juu la watu wawili ni kilo 45 hadi 60, na yale makubwa yanapita 70. Jumlisha mwenyewe. Mmeshaukaribia ukomo au mmeupita, na hamjaweka hata dumu la maji.

Watu huniuliza, mbona basi wawili wenye kilo 150 wanalala juu na paa halibonyei? Gari lililosimama paa lake linastahimili mara kadhaa ya kiasi kile. Kinachoua paa ni mwendo: breki, kona, na ile rafu ya barabara mbovu. Barabara ya kutoka Ngorongoro kuja geti la Naabi na kuendelea Seronera ina mawimbi kama bati, na kila wimbi linalipiga hema kwenda chini na kulirusha juu, saa baada ya saa. Nimepokea karakanani keria iliyokatika miguu miwili kati ya minne, hema limeshikiliwa na kamba ya katani na dua. Anayefunga hema juu anatakiwa kuwa na spana na kukaza nati baada ya kila kipande cha rafu. Pia gari linakuwa zito kichwani. RAV4 iliyobeba kilo 85 juu, watu watano ndani, ikikwepa shimo ghafla kwenye changarawe, inayumba kwa namna ambayo dereva wa mjini hajaizoea. Mafuta nayo yanaongezeka, maana unasukuma sanduku kwenye upepo.

Halafu kuna jambo dogo ambalo nashangaa shemeji hajaliona: hema la juu ambalo RAV4 inaweza kulibeba linalaza watu wawili, na mtoto mmoja mkibanana. Ninyi ni watano. Mtanunua hema la juu, kisha mtanunua na la chini.

Tuje kwenye usalama, maana ndiko moyo wa swali lako uliko. Kambi za umma za Seronera, Pimbi, Nyani, Dik Dik na wenzake, hazina uzio. Simba anapita, fisi ndiyo kabisa, nyati wanakula majani kandokando. Usiku wa kwanza utamsikia fisi akikoroma hatua kumi kutoka kichwani kwako na utajuta kuzaliwa. Lakini angalia makampuni ya safari yanalaza wageni wapi kila siku ya Mungu: kwenye mahema ya turubai ardhini, godoro la sponji chini, zipu imefungwa. Wapishi na madereva nao hivyohivyo. Mnyama akiliona hema lililofungwa, kwake ni kitu kizima, kama jiwe au kichuguu. Halioni kuwa lina chakula ndani, mradi kweli halina chakula ndani. Matatizo yanakuja kwa anayelala mlango wazi kwa sababu ya joto, anayeficha biskuti za mtoto chini ya mto, na anayetoka gizani bila kumulika.

Kumulika nako kuna namna yake. Fungua zipu nusu, toa tochi kwanza, zungusha mwanga taratibu pande zote, ukitafuta macho. Macho yakirudisha mwanga, rudi ndani na tumia ndoo. Hili halibadiliki, uwe umelala juu au chini. Tena wa juu ana kasoro moja: hawezi kuona kilichopo chini ya gari lake mwenyewe.

Na chakula je? Aliye juu ya gari kwa kawaida ameacha chakula ndani ya gari, yaani chini ya mgongo wake. Tembo ana pua. Kambi ya Simba kule Ngorongoro tembo hufika kufuata maji ya tangi, na tembo akinusa machungwa au maembe ndani ya gari anaweza kulisukuma ili aone kama litafunguka. Nisingependa kuwa juu ya paa wakati huo. Matunda yasilale garini. Peleka kila kitu kwenye jiko la kambi lenye nyavu za chuma, kisha hakikisha mlango umebana.

Haki yake nimpe shemeji: yako mambo ambayo wa juu anampita wa chini. La kwanza ni siafu. Aliyewahi kuvamiwa na siafu ndani ya hema hahitaji kuelezwa, na asiyewahi hawezi kuelewa. Mvua ikinyesha wanahama, na hema la chini lililo kwenye njia yao wanalipitia kama mtaa wao. Kule juu wanaweza kufika kwa kupanda tairi, ila ni nadra. La pili ni maji: Desemba ni vuli, mvua ya dakika arobaini inaweza kufanya kiwanja cha kambi kuwa bwawa, na aliye juu anacheka. La tatu ni kulala pasawa, godoro limeshatandikwa, hakuna kutafuta mawe mgongoni. La nne ni fisi na viatu. Mimi mwenyewe nimepoteza kiatu cha ngozi cha kulia Seronera, nilikiacha mlangoni mwa hema, asubuhi nikakuta alama za miguu na kamba yake tu. Ingawa hapo nikiwa mkweli, hata wa juu huacha viatu chini ya ngazi, na fisi analijua hilo pia.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni asubuhi. Hapa ndipo nataka msome polepole.

Mmekwenda Serengeti kuona wanyama. Wanyama wakubwa wanaonekana vizuri kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kabla jua halijakolea na simba hawajajitupa kivulini. Mwenye hema la chini anaamka saa 11 na nusu, anafunga zipu, anawasha gari, anaondoka. Hema linabaki na kiwanja chake. Mwenye hema la juu kitanda chake ni gari lake. Hawezi kwenda popote mpaka akunje nyumba.

Nikuonyeshe kukunja kwenyewe. Saa 11 na dakika 40, giza bado. Turubai limelowa umande, limekuwa zito na gumu kama ngozi mbichi. Mnatoa mito na mablanketi, maana hema halifungi vizuri yakiwa mengi ndani. Mmoja anasukuma ngazi kama wenzo ili nusu ya sakafu inyanyuke, mwingine amepanda kwenye tairi upande wa pili anaingiza kingo za turubai kwa vidole. Maji ya umande yanamchuruzika kwenye mikono hadi kwapani. Kifuniko cha juu kina zipu ndefu inayozunguka pande tatu, na ile zipu imekula vumbi la Naabi tangu jana. Inakwama kwenye kona. Unairudisha, unaipaka nta ya mshumaa kama unayo, unaivuta tena. Mkiwa wazoefu ni dakika 10. Siku ya kwanza ni 25, na maneno kadhaa ambayo mama mkwe hakustahili kuyasikia. Mtoto wa miaka 4 wakati huo amekaa wapi? Amesimama kwenye nyasi ndefu, gizani, kwenye kambi isiyo na uzio. Kisha saa 5 mkirudi kunywa chai mtoto anataka kulala, na kitanda kimekunjwa.

Kuna ya ganda gumu yanayoinuka na kufunga kwa dakika mbili tu. Hayo ni mazuri kweli. Ila ni mazito, na bei yake ni ya kumfanya mtu akae chini kwanza. Hema la juu la kawaida huko nje linaanzia kama dola 1,000, ya ganda gumu yanaweza kupita 3,000, kabla hujalipa meli, ushuru wa forodha na VAT. Wala msidhani mtaokoa kwenye ada za hifadhi. Ada ya kupiga kambi inahesabiwa kwa kichwa kwa kila usiku, mlale juu, chini au kwenye bodi ya gari.

Swali la kulala ndani ya gari. Kwa wawili wenye Noah au Hiace iliyotolewa viti, naunga mkono kwa mikono miwili. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote, na mvua ikija unafunga tu mlango. Kata nyavu za mbu kwa kipimo cha madirisha, zishike kwa sumaku au utepe, acha vioo viwili wazi sentimita tatu hivi upate hewa, vinginevyo alfajiri vioo vyote vinatiririka maji ya pumzi zenu. Lakini watano kwenye RAV4 mtalala mmekaa. Usiku mmoja wa dharura, sawa. Siku nne, mtarudi Mwanza hamsemeshani. Na popote mtakapolala, mtu asiwashe injini ili apate joto, wala msiingize jiko la mkaa hemani, hata mkaa uwe umebaki majivu. Moshi hauuoni, lakini kaboni monoksaidi inaua waliolala, na Ngorongoro baridi inawashawishi wengi kufanya hivyo.

Kuhusu machela ya kufunga mitini niseme mara moja tu: hapana, siyo Seronera. Subirini mwende Pangani.

Basi mimi ningenunua hivi. Mahema mawili ya chini. Moja kubwa la watu wanne, lenye kimo cha mtu kuweza kusimama au angalau kuinama kidogo, la mama, bibi na watoto. Jingine dogo la watu wawili la shemeji na mizigo, kaka mkubwa wa miaka 9 ahamie humo akijiona shujaa. Chagueni yenye fito za alumini kama mfuko unaruhusu, kwa sababu zile za nyuzi za glasi hupasuka na kuchoma vidole. Paa la nje lifike karibu na ardhi, lisiwe kofia tu juu ya kichwa. Yote mawili pamoja hayatapita kilo 25, na yatakaa kwenye keria yenu bila kulitishia paa.

Mama mkwe mnunulieni kitanda cha kukunja cha turubai. Hiki ndicho kitu bora zaidi katika orodha nzima na ndicho watu husahau. Kinamwinua sentimita 40 kutoka ardhini, goti halihangaiki kuinuka, na maji yakipenya sakafuni hayamfikii. Wengine wote magodoro ya sponji yanatosha. Yale ya kujaza upepo ni laini usiku wa kwanza, lakini mwiba wa mgunga haumheshimu mtu, na hewa iliyo ndani yake inapoa ikakuvuta joto la mgongo. Chini ya sponji tandika mkeka au turubai jepesi. Seronera usiku ni baridi ya kawaida, blanketi mbili mnaishi. Ngorongoro kambi iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mngekuwa mnapita Karatu mkitokea upande wa Arusha ningesema kodini mifuko ya kulalia ya wapanda mlima, Moshi na Arusha imejaa. Ninyi mnatokea Ndabaka, kwa hiyo bebeni mablanketi ya kutoka nyumbani, na soksi.

Mkifika, msikimbilie kivuli cha mti mkubwa bila kutazama chini yake. Kinyesi kingi cha ndege maana yake usiku mzima wa kelele. Majani yaliyolala kwenye mstari kuelekea majini ni njia ya kiboko, mtu mwenye tani mbili, msimjengee mlangoni. Geuzeni mlango wa hema kubwa uelekee gari, na gari liegeshwe karibu, funguo kwa mama. Mchana mkitoka, hema libaki bila kabisa harufu ya chakula, hata ya dawa ya meno. Nyani na tumbili wanashinda wakiwaangalia, na nyani hafungui zipu, anachana. Hii ndiyo hasara halisi ya hema la chini, kubwa kuliko simba.

Hema la juu nitamfungia shemeji kwa furaha siku watoto wakikua na akisema wanahama kila siku, wawili tu, leo Natron, kesho Loliondo, keshokutwa mahali ambapo hawajui hata jina. Kwa safari ya namna hiyo halina mpinzani. Unafika jioni umechoka, unafunua, unalala. Natron tu ajue upepo wa jioni ni mkali, na aegeshe pua ya gari kuelekea upepo la sivyo turubai litampiga makofi usiku kucha. Kabla hajanunua akodi gari lenye hema tayari kwa usiku mbili. Akifurahia asubuhi ya pili, ya mvua, basi ni lake.

Jambo moja la kufanya wiki hii. Mkishapata mahema, Jumamosi yasimamisheni uani, mama mkwe aingie na kutoka mara tatu mkiwa mnamtazama, kisha chukueni mpira wa bustani muyamwagie mahema maji dakika kumi huku watoto wako ndani na tishu mikononi wakitafuta panapovuja. Pakionekana, nunueni gundi ya mishono. Na njia ya Ndabaka kama mvua imenyesha siku mbili mfululizo, pigeni simu getini kabla hamjaondoka Mwanza. Ule udongo mweusi ukilowa, RAV4 haitatoka kwa kusukumwa na bibi.